Jua la kiangazi liyatunzie maji ya Mtera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nijibu hoja niliyoisoma hapa hapa wiki chache zilizopita, ambapo msomaji mwenzangu alieleza kwamba kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika, na mitambo yake yote tisa imewashwa, Taifa halina tena sababu ya kuhangaika na jua, upepo wala chanzo kingine cha nishati. Furaha yake naielewa, kwa sababu na mimi ninayo. Bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115 limezidi, peke yake, mitambo yote iliyokuwa kwenye gridi ya Taifa kabla yake, na sisi tulioishi miaka ya mgawo wa umeme tunajua thamani ya jambo hilo. Lakini hitimisho lake silikubali hata kidogo. Kwa maoni yangu, kuwepo kwa bwawa lile ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuharakisha umeme wa jua na wa upepo, hasa huku kwetu Kanda ya Kati, na naomba nieleze kwa nini.

Mimi ni mwenye mashine ya kusaga nafaka katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma. Kwa miaka kumi na saba mashine yangu iliendeshwa na injini ya dizeli, ile ya kuwashwa kwa hendeli, ambayo asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba humtoa kijana jasho kabla haijakubali kuunguruma. Kila baada ya siku tatu nilifunga madumu mawili ya lita ishirini nyuma ya pikipiki na kwenda kuyajaza kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu ya Manyoni. Ukuta wa banda upande wa bomba la moshi ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, na kijana wangu wa kazi alikuwa akikohoa kikohozi ambacho hakikuisha mpaka alipoacha kukaa kwenye moshi ule. Lita moja ya dizeli haifiki kilo moja kwa uzito, lakini inapoungua, kaboni iliyomo hujiunga na oksijeni ya hewani na kutoa hewa ukaa yenye uzito wa kilo 2.7 hivi. Injini yangu ilikunywa karibu lita tatu kwa saa. Sikuwa nikiufikiria uzito huo. Nilichokuwa nikikifikiria ni bei.

Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya mafuta katika soko la dunia, lita ya dizeli ilipita shilingi 3,000 hata baada ya Serikali kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Sikuwa na namna ila kupandisha bei ya kusaga. Nakumbuka mama mmoja, jirani wa siku nyingi, alikuja na debe la uwele, akauliza bei, akanyamaza. Kisha akapiga magoti, akamimina nusu ya uwele wake kwenye kiroba tena, polepole, akihakikisha haumwagiki hata punje moja, akaniambia, "Hii nusu nisagie, hii nyingine nitaitwanga mwenyewe nyumbani." Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Watu wanaposema kwamba mabadiliko ya bei ya mafuta ni habari za masoko ya London na New York, mimi humkumbuka mama yule akirudi kwenye kinu na mchi, na hapo ndipo nilipoanza kulifuatilia suala la nishati mbadala kwa dhati.

Wakati huo huo nguzo za umeme zilikuwa zimeshafika kijijini. Zilifika mwaka 2021 na tulizipokea kwa vigelegele. Tatizo ni kwamba mkandarasi aliyejenga laini yetu alileta umeme wa njia moja, unaotosha taa, redio na friji, wakati mota ya kusagia yenye kilowati 11 inahitaji umeme wa njia tatu. Kwa hiyo kwa muda wa miaka miwili nilikaa na taa ya umeme ndani ya banda, ikimulika injini ya dizeli. Sikusudii kumlaumu mtu katika barua hii. Njia tatu hatimaye ililetwa mwaka 2023, na siku ile ile nilifunga mkanda wa mashine kwenye mota mpya. Lakini nina hakika vipo vijiji vingine ambavyo vinahesabiwa kuwa vina umeme, na ni kweli vina umeme, huku mashine za kusaga, za kukoboa, za kuchomelea na za kukamua alizeti zikiendelea kunguruma kwa dizeli kwa sababu hiyo hiyo. Wakala wa Nishati Vijijini wamefanya kazi kubwa ya kufikisha nguzo. Hatua inayofuata, kwa maoni yangu, ni kuhesabu injini za dizeli zilizobaki kijijini baada ya nguzo kufika, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha kweli cha kama mafuta yamepata mbadala.

Tofauti niliyoiona katika daftari langu inaeleweka kwa hesabu ndogo. Saa moja ya kusaga kwa dizeli ilinila karibu shilingi 9,000 za mafuta, bila kuhesabu oili, vichujio na nauli ya pikipiki. Saa moja ya kusaga kwa mota inatumia uniti tisa mpaka kumi, yaani shilingi 3,500 hivi pamoja na kodi. Tofauti hiyo haitokani na upendeleo wowote. Injini ndogo ya dizeli hupoteza takriban theluthi mbili ya nguvu ya mafuta kama joto na moshi, ilhali mota nzuri ya umeme hugeuza karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kuwa mzunguko. Bei ya kusaga niliirudisha chini, na yule mama sasa analeta debe zima.

Sasa nirudi kwenye hoja ya msomaji mwenzangu. Umeme unaozungusha mota yangu unatoka wapi? Sehemu yake kubwa inatoka kwenye maji, na sehemu nyingine kwenye gesi asilia ya Songosongo na Mtwara, ambayo nayo ni nishati ya kisukuku kama mafuta, hata kama moshi wake ni mchache. Maji yenyewe tunayajua tabia yake. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuhifadhi maji yanayokwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Na maji hayo hayo ya Ruaha Mkuu, yakishatoka Kidatu, yanaungana na Rufiji na kuingia katika Bwawa la Nyerere. Tone moja la mvua iliyonyesha huku juu hufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Ni utajiri mkubwa, na pia ni hatari kubwa, kwa kuwa mvua ikikosekana huku juu, tunapungukiwa mara tatu.

Wasomaji wa rika langu hawajasahau jinsi ilivyokuwa taarifa ya habari ya kila siku kutajiwa kina cha Mtera, kwamba kimeshuka kukaribia mita 690 juu ya usawa wa bahari, ambapo mitambo inatakiwa kuzimwa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao wazee wetu hawakuwahi kuuona ukikauka. Mwaka 2006 tulikaa gizani. Mwaka 2011 tukakaa gizani tena. Oktoba 2015 maji yalipungua kiasi kwamba mitambo mikuu ya maji ilizimwa. Na kila mara tulipoishiwa maji tulikimbilia mafuta: mitambo ya dharura ilikodiwa, ikachomwa dizeli na mafuta mazito kwa gharama ambayo Taifa liliilipa kwa miaka mingi baadaye. Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Kukauka kwa mto kumekuwa mlango ambao mafuta huingilia. Bwawa la Nyerere ni kubwa na litastahimili ukame kuliko Mtera, lakini linategemea mvua zile zile, na hali ya hewa ambayo sasa inabadilika.

Tazama sasa kalenda ya Dodoma. Mvua yetu, ambayo kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 570, inanyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba hatuoni tone. Mito inapungua, majani yanakauka, ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta maji. Lakini katika miezi hiyo hiyo anga letu halina wingu, na jua linawaka tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Na kuanzia Juni mpaka Oktoba ndipo upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu juu ya nchi hii tambarare, upepo unaong'oa mabati, unaoinua kisulisuli cha vumbi mbugani na kumlazimu mama kufunika unga wake kwa kanga anapotoka mashineni. Yaani Mwenyezi Mungu ametupa maji wakati wa mawingu, na jua na upepo wakati maji hayapo. Mkulima yeyote angeelewa kwamba vitu vya namna hiyo hupandwa pamoja katika shamba moja.

Watu husema, na ni kweli, kwamba jua huzama na upepo hutulia. Mahitaji ya umeme nchini hupanda zaidi jioni, giza linapoingia na kila nyumba inapowasha taa, televisheni na jiko. Nchi isiyo na mabwawa ikitaka kutumia jua lazima inunue betri kubwa za bei ghali. Sisi betri tunayo tayari, nayo ni maji. Mtambo wa maji unaweza kupunguzwa au kuongezwa nguvu kwa dakika chache, jambo ambalo mtambo wa makaa ya mawe hauliwezi. Ikiwa mchana paneli zitabeba mzigo wa nchi, wahandisi wa Mtera, Kidatu na Nyerere watapunguza maji yanayopita, yabaki bwawani, na saa moja usiku wayafungulie. Kila megawati ya jua tunayoiweka Dodoma, Singida au Shinyanga ni maji ambayo hayakutumika mchana huo na yatakuwepo Oktoba. Ndiyo maana nasema kwamba bwawa halikuiondolea sola kazi, limeipa kazi.

Mradi wa kwanza mkubwa wa jua ni ule wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ambapo mkataba wa megawati 50 za awali kati ya 150 ulisainiwa mwaka 2023. Naupongeza, lakini megawati 50 kwa nchi iliyo na jua kama hili ni kama kijiko kwenye pipa. Tangu mwaka 2010 bei ya paneli duniani imeshuka kwa takriban asilimia 90, na Misri imefunga zaidi ya megawati 1,600 katika eneo moja tu la jangwa huko Benban. Sababu ya bei kubwa, iliyokuwa ya haki miaka ishirini iliyopita, leo haipo tena.

Kuhusu upepo, nalazimika kusema kwa uchungu kidogo. Habari za mradi wa umeme wa upepo wa Singida nimezisikia kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kila anayepita barabara ya Singida kwa basi mwezi wa nane anasikia basi linavyosukumwa upande. Wenzetu wa Kenya walijenga vinu 365 vya upepo karibu na Ziwa Turkana, vyenye megawati 310, na vilipokamilika mwaka 2017 vilisimama kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kutoa umeme kwa sababu njia ya kuusafirisha ilikuwa haijaisha. Sisi hali yetu ni kinyume cha hiyo. Njia tunayo. Ule mkongo wa msongo mkubwa unaotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, wenye urefu wa kilomita 670, uliokamilika mwaka 2016, unapita juu ya vichwa vyetu, na vituo vya kupozea umeme vya Zuzu, hapa Dodoma, na Singida vipo katikati ya eneo lenye jua na upepo. Walioko Turkana walikuwa na vinu wakingoja waya. Sisi tuna waya, na upepo unapita katikati yake ukipiga mluzi. Naomba wahusika watueleze wananchi, bila kuzunguka, mradi umekwama wapi: ni bei ya kununulia umeme, ni dhamana ya mikopo, au ni ardhi? Likijulikana, litatatuliwa.

Nizungumzie pia sola ndogo za mtu mmoja mmoja, kwa sababu imani ya watu imeharibiwa huko. Kabla ya kupata njia tatu nilinunua mjini paneli mbili zilizoandikwa wati 100 kila moja, pamoja na betri na inveta, nikitegemea kuendesha walau mashine ndogo ya kukamua alizeti. Fundi aliyekuja na kipimo alizipima saa sita mchana, jua la utosi, na zote mbili kwa pamoja hazikufika wati 90. Betri ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Muuzaji sitamtaja, na nadhani naye alidanganywa na aliyemuuzia. Lakini kijijini kwetu mpaka leo ukitaja sola, watu wanaangalia lile boksi la betri iliyokufa, ambalo sasa mke wangu analifanyia kiota cha kuku, na wanasema sola ni utapeli. Shirika la Viwango likipita madukani na kipimo kama kile cha fundi wangu, hata mara moja kwa mwaka kwa kila mji, litakuwa limefanya kazi kubwa kwa nishati mbadala kuliko makongamano mengi. Jua halikuwa na kosa. Kazi ya kusaga inafanyika kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, saa zile zile za jua, na paneli halali juu ya paa la banda langu zingeweza kubeba sehemu nzuri ya mzigo wa mota bila betri hata moja, na siku za Jumapili nisiposaga umeme huo uende kwenye gridi. Naomba utaratibu wa mtu kama mimi kuingiza ziada yake kwenye gridi uandikwe kwa Kiswahili chepesi na ubandikwe ofisi za vijiji.

Liko jambo la jikoni, ambalo kwa kweli ndilo lililo zito kuliko yote, kwa kuwa nishati nyingi inayotumika nchini mwetu ni kuni na mkaa. Mkaa unaopikiwa Dodoma mjini unatoka Bahi, Chamwino, Manyoni na kwingineko katika nchi kavu ambayo mti wake huchukua miongo kuota na dakika kumi kuanguka. Tunaifahamu historia ya Kondoa, ambako ardhi ililiwa na makorongo mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa ili nchi ipumzike. Kwa hiyo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, naunga mkono kwa moyo wote.

Hata hivyo, kuna kosa la uelewa ambalo nalisikia kila siku, hata kutoka kwa viongozi wa vijiji. Watu wanaamini kwamba gesi ya mtungi ni ile gesi yetu ya Songosongo na Mtwara. Siyo. Gesi asilia yetu inasafiri kwa bomba na inatumika zaidi kuzalisha umeme na viwandani. Gesi ya mtungi inatokana na usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi huko nje, na inaletwa na meli kama dizeli. Mtungi unaokoa macho na mapafu ya mama, na unaokoa mti. Siupingi, na nyumbani ninao. Lakini ni mafuta ya kisukuku ya kuagiza, na siku bei ya dunia itakapopanda tena kama mwaka 2022, mama aliyeacha mkaa atarudi kwenye mkaa, kama yule jirani yangu alivyorudi kwenye mchi.

Mbadala wa kweli jikoni ni umeme wetu wenyewe. Mwaka jana binti yangu alituletea jiko la umeme la presha. Mke wangu hakuliamini, kwa hiyo tulifanya jaribio: tulisoma namba za luku, ile mita ya kulipia kabla, akapika maharage kilo moja mpaka yakaiva, tukasoma tena. Zilikuwa zimepungua chini ya uniti moja. Alirudia kusoma mara mbili. Kwa mkaa, chungu kile kile kinakula kopo zima na saa tatu za kupuliza moto. Tangu siku hiyo anapika maharage, makande na nyama kwa umeme, na ugali anaupika kwa mtungi, kwa sababu ugali wa uwele unataka nguvu za mikono na sufuria iliyo wazi.

Lakini mwisho wa mwezi tuliona jambo. Mita ya nyumbani kwetu ipo kwenye kundi la watumiaji wadogo, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, alimradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi hapo, bei inaruka mara tatu hivi. Kwa miaka mingi uniti 75 zilitutosha kwa taa, simu na redio. Jiko lilipoingia, tulivuka mstari. Yaani familia maskini inayoitikia wito wa Serikali na kuacha mkaa inaadhibiwa na bei ya umeme kwa sababu tu imeitikia. Najua haikukusudiwa, mstari ule uliwekwa wakati ambapo hakuna aliyetarajia mtu wa kijijini kupikia umeme. Naiomba EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, na Wizara ya Nishati walitazame jambo hili upya: ama mstari usogezwe juu, ama uniti za mchana, ambazo kesho zitatoka kwenye jua, ziuzwe kwa bei nafuu ili mama apike maharage yake saa sita badala ya saa mbili usiku wakati nchi nzima inavuta umeme. Katika mambo yote niliyoyaandika humu, hili ndilo linaloweza kufanyika kwa karatasi moja na sahihi moja.

Vyanzo vingine nitavigusa kwa kifupi. Biogesi ni nzuri kwa mfugaji, lakini kinyesi cha ng'ombe kinahitaji kuchanganywa na maji mengi karibu sawa na kinyesi chenyewe, na mtu anayechota maji kilomita tano hawezi kuyamwaga shimoni. Mbono kaburi, ule uliokuwa ukipandwa makaburini na kwenye uzio, ulisifiwa miaka ya 2000 kuwa utatupa dizeli ya mimea. Mashamba makubwa yalichukuliwa Kisarawe na Kilwa, miradi ikafa, na wanakijiji wakabaki wakidai ardhi yao. Ardhi ya chakula tusiichezee tena kwa namna hiyo. Urani ipo, tena chini ya mbuga yetu hii ya Bahi na Manyoni, na wapo wanaozungumzia nyuklia. Hiyo ni kazi ya miongo, na maji ya Mto Bubu yanayoishia katika mbuga hii bila kwenda baharini yanatutaka tuwe waangalifu sana kabla ya kuchimba. Jotoardhi ndilo ninalolitamani zaidi: Bonde la Ufa linalopita hapa Bahi ndilo hilo hilo linalopita Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu mwaka 1981, na utafiti wa jotoardhi unaofanyika eneo la Ngozi mkoani Mbeya unastahili fedha na haraka.

Sijasahau kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapita Chemba na Kondoa, wala kwamba tunatafuta mafuta katika bonde la Eyasi Wembere. Vijana wetu wamepata kazi na siwezi kuwaambia waziache. Ombi langu ni kwamba fedha ya mafuta, itakapopatikana, ijenge kile kitakachobaki mafuta yakiisha. Tumeshaona kwamba inawezekana: tangu Julai 2024 treni ya umeme inapandisha watu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, safari ambayo kwa basi la dizeli ilikula siku, na hakuna abiria niliyemsikia akililia moshi wa basi.

Injini yangu ya dizeli bado ipo nyuma ya banda, imefunikwa turubai. Watu wamekuja kuitaka na bei waliyotaja ilikuwa nzuri. Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Septemba naifunua, naibadilishia oili, naiwasha kwa hendeli iungurume dakika tano, kisha nahakikisha dumu moja la lita ishirini lipo pembeni, kwa sababu sijui Oktoba itakuwaje na kina cha mabwawa. Siku nitakapoona paneli na vinu vimesimama kandokando ya ule mkongo, nitawaita wale wanunuzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaga nafaka,
Wilaya ya Bahi, Dodoma.